Mjusi Anayeitafuta Homa

Katika ukurasa huu tumekwisha kueleza mara nyingi jinsi ya kumhudumia mtoto mwenye homa. Hata hivyo kuna swali ambalo akina mama hutuuliza wodini, na ambalo hata sisi wauguzi tulifundishwa kwa kifupi mno. Homa ni ya nini? Je, ni ugonjwa wenyewe unaouunguza mwili, hata ikabidi uzimwe upesi kama moto ulioshika paa? Au ni mwili wenyewe unaofanya kazi ya kupigana na ugonjwa? Majibu yaliyo wazi kabisa ya swali hili hayakutoka kwa binadamu. Yalitoka kwa mjusi. Kwa hiyo mwezi huu tunaomba msomaji atuvumilie tukianza na mijusi, nyoka na mamba, halafu tutarudi kitandani kwa mgonjwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba wanyama watambaazi, yaani mijusi, kenge, vinyonga, nyoka, kobe, kasa na mamba, ni wanyama wenye damu baridi. Maneno hayo yanapotosha kidogo. Tofauti yao na sisi ni mahali joto linapotoka. Mwili wetu ni kama nyumba yenye jiko ndani yake. Chakula tunachokula huchomwa mchana na usiku, na sehemu kubwa ya nguvu yake hutumika kuuweka mwili kwenye nyuzi 37 hivi za sentigredi, liwe jua au mvua. Mjusi hana jiko la namna hiyo, naye huota moto wa jirani, yaani jua.

Mtazameni yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu, ambaye watu wa Mwanza wanamfahamu sana. Usiku hulala katika ufa wa jiwe, na alfajiri huwa amepoa kama jiwe lenyewe. Ni mzito, hakimbii vizuri, hata chakula alichokula jana hakisagiki tumboni. Jua likichomoza hutoka polepole, hujilaza juu ya jiwe na kulielekezea jua ubavu. Akiisha kupata joto linalomtosha huanza kukimbia na kuwinda wadudu. Joto likizidi huinua tumbo lisiguse jiwe la moto, au huingia kivulini. Baada ya muda hutoka tena. Kwa siku nzima ni kutoka na kuingia, kutoka na kuingia, na kwa njia hiyo joto la mwili wake halipandi wala kushuka ovyo, ingawa mawe yanayomzunguka yanaweza kuwa ya moto wa kuunguza.

Kila mnyama wa kundi hili ana ufundi wake. Kinyonga wa milimani, asubuhi ya baridi, hugeuka kuwa mweusi na kujitandaza ubavu ili avute joto la jua upesi. Akiisha kupata moto rangi yake hufifia tena. Mamba hulala kwenye ukingo wa mto akiwa amefungua kinywa wazi. Watu hudhani anatisha au anangoja ndege wamsafishe meno, lakini wataalamu wengi huona kwamba njia hiyo humsaidia kupoza kichwa wakati mwili unaendelea kuota jua. Chatu jike wa kusini mwa Afrika, ambaye anapatikana hata kwetu Tanzania, akiisha kutaga mayai ndani ya shimo hubadilika rangi kuwa mweusi, hutoka kuota jua mpaka mwili wake hufikia karibu nyuzi 40, kisha hurudi na kuyazungushia mayai mwili huo wenye joto. Mtaalamu wa Afrika Kusini, Graham Alexander, alieleza habari hizo mwaka 2018. Chatu mwingine wa bara la Asia hufanya jambo la ajabu zaidi: akiyalalia mayai hutetemesha misuli yake kusudi itoe joto. Yaani hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Huyu ni mmoja wa watambaazi wachache sana wanaoweza kuwasha jiko lao wenyewe.

Zamani wataalamu walidhani kwamba joto la watambaazi hufuata tu joto la mahali walipo. Walikuwa wakiwapima ndani ya vizimba, na ndani ya kizimba mjusi hana pa kwenda. Mwaka 1944 wataalamu wawili wa Marekani, Raymond Cowles na Charles Bogert, waliandika juu ya watambaazi wa jangwa la California waliowapima wakiwa huru, wenye jua na kivuli vya kuchagua. Walionyesha kwamba kila aina ya mjusi ina joto lake inalolipenda na kulilinda kwa mwendo wake. Walionyesha pia kwamba mjusi au nyoka akizuiliwa juani bila kivuli hufa kwa muda mfupi. Ni jambo la kukumbukwa, na tutalirudia.

Mtu anaweza kuwahurumia viumbe hawa wasio na jiko. Lakini maisha yao yana unafuu mkubwa, kwa sababu hawatumii chakula kujipasha moto. Chatu akimeza swala mmoja huweza kukaa miezi bila kula tena. Binadamu anayekosa chakula kwa muda kama huo tunajua mwisho wake.

Sasa tuje kwenye homa. Chini ya ubongo wetu kuna sehemu ndogo inayopokea habari za joto la damu na la ngozi, na kuamua mwili uwe na joto kiasi gani. Tunaweza kuifananisha na fundi aliyeshika kipimo. Siku za afya kipimo kimewekwa kwenye 37 hivi. Joto likipita hapo, fundi huamuru mwili utoe jasho na damu iende kwenye ngozi ili ipoe. Likipungua, huamuru misuli itetemeke na damu iondoke kwenye ngozi.

Vijidudu vya ugonjwa vinapoingia mwilini, chembechembe nyeupe za damu huvitambua na kutoa kemikali zinazopeleka habari. Habari hizo zikifika, hutengenezwa kitu kinachoitwa prostaglandini, nacho humfanya fundi apandishe kipimo, tuseme kutoka 37 mpaka 39. Hapo ndipo linatokea jambo linalowashangaza watu. Mgonjwa ana joto la 37 na nusu, lakini anasikia baridi kali! Anajikunja, vinyweleo vinasimama, meno yanagongana, mikono na miguu ni baridi, anaomba blanketi la pili. Hajakosea. Kwa kipimo kipya kilichowekwa, mwili wake bado ni baridi. Akifika 39 kutetemeka kunakoma na anajisikia moto. Na siku ugonjwa unaposhindwa, kipimo hurudishwa 37, mwili hujikuta una joto la ziada, na jasho linatiririka mpaka shuka linalowa.

Kwa hiyo ni lazima tutofautishe homa na joto la jua. Mtu aliyefanya kazi shambani saa sita mchana bila maji, au mtoto aliyefungiwa ndani ya gari juani, joto lake linaweza kupanda hadi 41 wakati kipimo cha ubongo kiko pale pale kwenye 37. Huyo ameshindwa kupoa, kama yule mjusi aliyezuiliwa juani. Parasetamoli haimsaidii. Yeye apelekwe kivulini mara moja, avuliwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mjusi naye ana sehemu ile ile chini ya ubongo. Lakini hatetemeki, wala hana blanketi. Ikiwa homa kweli ni mpango wa mwili, na si hitilafu tu ya kipimo, mjusi mgonjwa angefanyaje? Angelazimika kuitafuta kwa miguu yake.

Hilo ndilo lililochunguzwa na Matthew Kluger na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Walimtumia iguana wa jangwani, mjusi wa rangi ya mchanga, mwenye urefu wa karibu shubiri mbili pamoja na mkia, anayeishi katika majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko na kula majani na maua. Mjusi huyu akiwa mzima hupenda joto la karibu nyuzi 38 na nusu. Kama angekuwa mtoto aliyeletwa zahanati tungemwandikia kwamba ana homa. Na huyo ndiye tunayemwita wa damu baridi!

Waliwaweka mijusi hao mahali palipotengenezwa kufanana na jangwa lao, upande mmoja pana joto kali na upande mwingine pamepoa, nao wakawa huru kwenda watakako. Kisha wakawachoma sindano za bakteria anayeitwa Aeromonas hydrophila, ambaye huwaletea magonjwa samaki, vyura na watambaazi. Mwaka 1974 walitangaza waliyoyaona. Mijusi waliochomwa bakteria walihamia upande wa joto na kukaa huko mpaka miili yao ikapanda nyuzi 2 hivi kuliko kawaida. Hakuna aliyewalazimisha. Walitembea wenyewe kwenda kutafuta homa.

Ikabaki kujua kama homa hiyo inawafaa kitu. Mwaka 1975 Kluger na wenzake waliwachoma mijusi bakteria hai, kisha safari hii wakawanyima uhuru wa kuchagua. Makundi yaliwekwa katika visanduku vya nyuzi 34, 36, 38, 40 na 42. Waliokaa katika joto la chini walikufa wengi katika siku chache tu. Waliokaa 40 na 42, yaani joto la homa, wengi wao walipona. Kadiri mjusi alivyokuwa na joto, ndivyo alivyokuwa na nafasi ya kuishi.

Jaribio la tatu, la mwaka 1976, ndilo linalotugusa sisi tunaogawa dawa. Harry Bernheim na Kluger waliwachukua iguana 12 wenye maambukizo na kuwapa sodiamu salisileti, dawa ya ukoo mmoja na aspirini. Dawa hizi huzuia prostaglandini isitengenezwe, na kwa hiyo kipimo hakipandishwi. Mijusi 7 dawa iliwakolea, hawakwenda kwenye joto, hawakupata homa. Wote 7 walikufa. Mijusi 5 walipata homa ingawa wamepewa dawa ile ile, nao wote 5 waliishi. Kama dawa yenyewe ingekuwa sumu iliyowaua, hao 5 nao wangekufa.

Homa inamsaidiaje mjusi? Mtu angedhani bakteria wanapikwa na joto. Sivyo. Bakteria hao hustawi karibu sawasawa katika joto la kawaida la mjusi na katika joto la homa. Yaliyoonekana ni mambo mawili. La kwanza, mwili ukiwa na homa chembechembe nyeupe za damu hufika upesi zaidi mahali palipoingia vijidudu na kuvizuia visisambae. La pili linahusu madini ya chuma. Bakteria wanahitaji chuma ili waongezeke, kama sisi tunavyokihitaji kutengeneza damu. Wakati wa maambukizo mwili wa mjusi, na wa binadamu vilevile, huficha chuma chake kisizunguke kwenye damu. Bakteria wenye chuma cha kutosha hawaoni shida na joto la homa. Bakteria walionyimwa chuma na papo hapo wakawekwa kwenye joto la homa hudhoofika. Njaa na joto hufanya kazi pamoja.

Habari hii ya chuma ina mwenzake hapa kwetu. Huko Pemba watoto wadogo walikuwa wakipewa kila siku vidonge vya chuma pamoja na foliki asidi ili kuzuia upungufu wa damu, na wataalamu wakiwafuatilia. Sehemu hiyo ya uchunguzi ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali na kufariki wengi kuliko wenzao. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2006. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Tangu hapo mashirika ya afya yanasisitiza kwamba mahali penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kuzuia malaria, kuipima na kuitibu. Tafadhali mama mjamzito asisome habari hii akatupa vidonge vyake vya kliniki. Hivyo ni vyake, amepimiwa, na aendelee navyo. Tunachokataa ni desturi ya kununua dawa ya kuongeza damu dukani na kumnywesha mtoto aliye na homa, eti kwa kuwa amepauka. Apimwe kwanza.

Baada ya mijusi, homa ya namna hii ilionekana kwa samaki, kwa vyura, na hata kwa panzi na nzige. Panzi mgonjwa naye hupanda juu ya jani kuota jua zaidi. Lakini tuwe waangalifu. Si kila mtambaazi aliyechunguzwa alionekana kufanya hivyo. Wako nyoka na kobe ambao walichomwa vijidudu na hawakubadili mwenendo wao. Tena homa ina gharama. Binadamu kwa kila nyuzi moja ya homa hutumia nguvu karibu sehemu moja ya kumi zaidi ya kawaida, na maji mengi hupotea. Mjusi anayekaa juani muda mrefu huonekana na mwewe. Na kila mnyama ana kikomo: iguana yule yule anayeponea nyuzi 42 akifikishwa 47 hivi viungo hupooza na kifo kiko karibu.

Je, haya yanamhusu mtoto aliyelala wodini? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 1997 ilitolewa taarifa ya watoto 50 wenye malaria katika hospitali ya Lambaréné, Gabon, ile iliyoanzishwa na daktari Albert Schweitzer. Wote walitibiwa kwa kwinini. Nusu walipewa pia parasetamoli, nusu walipozwa kwa njia nyingine bila dawa hiyo. Homa ilikwisha karibu wakati mmoja katika makundi yote mawili. Lakini vijidudu vya malaria viliondoka katika damu kwa wastani wa saa 59 kwa wasiopewa parasetamoli, na saa 75 kwa waliopewa. Hakuna sababu ya kuiogopa parasetamoli kwa ajili hiyo, maana dawa iliyoponya malaria ilikuwa kwinini na ilifanya kazi kwa wote. Ila tumekwisha kujua kwamba kushusha joto na kutibu ugonjwa ni vitu viwili.

Na hapo ndipo watoto wetu wanapopotea. Mtoto anachemka jioni, mama anampa panado ya dukani, usiku joto linashuka, mtoto anacheza kidogo, nyumba nzima inashukuru kwamba amepona. Kumbe fundi ameshushiwa kipimo tu kwa saa chache, na malaria inaendelea kuongezeka kwenye damu. Siku ya tatu analetwa akiwa hajitambui na damu imekwisha. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, hata kama joto limeshuka, akachomwe kidole kwa kipimo cha malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo kikionyesha hana, mhudumu atafute nichonia, ugonjwa wa masikio, wa mkojo na mengineyo. Asifukuzwe aende nyumbani na dawa mseto ya malaria ya bure bure.

Parasetamoli yenyewe tunaitoa, tena kila siku. Mtoto mwenye homa kali anaumwa kichwa na viungo, hali, hanywi, halali. Akipata nafuu anakunywa na kunyonya, na hilo ni faida kubwa kuliko nyuzi moja ya homa. Kiasi chake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anatosheka na robo ya kidonge cha miligramu 500. Kumwongezea kwa sababu joto halijashuka kunaweza kuharibu ini lake. Kama mtoto ana nyuzi 38 na anacheza, anakunywa uji na kuvuta mkia wa paka, haihitaji. Aspirini mtoto asipewe kabisa, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

Vipi kuhusu maji ya baridi? Mama anayemwogesha mtoto mwenye homa maji ya kisimani anafanana na mtu anayemvuta mjusi mgonjwa kutoka kwenye jiwe na kumtupa kivulini. Ubongo bado umepandisha kipimo, kwa hiyo mtoto anatetemeka, anataabika, na joto linarudi pale pale. Bibi naye aliyemfunika mjukuu mablanketi matatu amezidisha kwa upande wa pili. Wakati anatetemeka afunikwe shuka moja. Akiisha kuwa moto avuliwe, abaki na nguo nyepesi, hewa iingie chumbani, na apewe vinywaji mara kwa mara.

Kinachowatia akina mama hofu kuliko yote ni degedege. Baadhi ya watoto kati ya miezi 6 na miaka 5 hushtuka na kukakamaa homa inapopanda, na wengi wao hawapati madhara ya kudumu. Parasetamoli haizuii degedege, ingawa wengi huamini hivyo. Mtoto akianza, alazwe ubavu mahali salama, asiwekewe kijiko wala kidole kinywani, asinyweshwe kitu, asifukiziwe moshi. Kisha apelekwe hospitali, kwa sababu degedege linaweza kuwa la malaria ya ubongo au la uti wa mgongo, na nyumbani hakuna awezaye kulitofautisha. Aende hospitali haraka vilevile mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyelegea au haamki vizuri, anayepumua kwa haraka au kwa shida, au aliyekakamaa shingo.

Limebaki jambo moja, nalo linahusu mtoto mchanga. Katika siku zake za kwanza, na hasa akiwa njiti, mtoto wa binadamu anakaribia sana kuwa kama mjusi. Hawezi kutetemeka, jiko lake ni dogo, na hupoteza joto upesi akiachwa na unyevu au akiogeshwa mapema. Anahitaji joto kutoka nje. Mjusi hujiendea juani mwenyewe. Kichanga hana miguu ya kumpeleka, na jua lake ni kifua cha mama. Ndiyo maana tunamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza kufanya madaktari wa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970.

Na kichanga akipata maambukizo, mara nyingi hawezi hata kupandisha homa. Badala ya kuchemka anapoa. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, joto la kwapani la nyuzi 37 na nusu au zaidi ni dalili ya hatari, na joto la chini ya 35 na nusu ni dalili ya hatari vilevile. Mama mguse mtoto tumboni na miguuni. Ukikuta vyote viwili ni baridi, na mtoto ameacha kunyonya vizuri, mweke kifuani, mfunike pamoja nawe, na uanze safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.